Migomba Sita ya Chupa

Jumapili, 4 Julai 1999

Leo nimekata mkungu ya kwanza. Ya ndizi ya chupa. Kutoka shamba mpaka mlango nimepumzika mara mbili — na mimi ni mtu wa kubeba gunia kila siku! Ogari jirani alisimama kwa ua akaangalia. Akasema hiyo si ndizi, hiyo ni ndama, niipe nyasi.

Acha acheke. Mwaka juzi nilikuwa na migomba ya zamani. Fukusi, mdudu wa kutoboa shina, ilikula mguu yote, upepo ukija kidogo zinalala chini. Halafu nikamchimbia Madam Loice wa kilimo mashimo ya shamba lake la kuonyesha watu, hapa Mosocho. Akanipa miche sita. Alituonyesha zinatoka wapi: mche mdogo kama kitunguu, ndani ya chupa, umekaa kwa kitu kama uji. Watu wakaita ndizi ya chupa. Nikang'oa za zamani zote kama alivyosema. Nikakula ugali na mboga mwaka mzima na miezi ingine juu.

Sasa hii!

Mkungu ya kwanza ya mgomba mpya haiuzwi. Inagawanywa. Ndivyo tulikuta. Chana moja Ogari, moja kanisa, mbili za Edinah msichana wangu, ameolewa Marani. Persis, dada ya marehemu mke wangu, atampelekea kesho. Persis akaninong'oneza kitu. Edinah ana mimba, miezi mitatu. Mambo kama hiyo baba haambiwi, lakini Persis hajui kunyamaza. Nikaongeza chana ya tatu.

Nikamwambia, waambie hizi ni za maabara, za serikali, si za kuokota. Nilitaka mkwe wangu Tryphosa, mama ya bwana wa Edinah, ajue Edinah hakutoka kwa nyumba ya njaa.

Nimepika zangu. Sufuria nzima, peke yangu.


Jumatano, 7 Julai

Kazi. Tumeshusha mbolea lori mzima. Mgongo.

Bwana Bipin mwenye duka alikuwa anasoma gazeti kwa sauti, wateja wamejaa kwa kaunta. Eti Amerika wanatoa kitu kwa samaki wanatia kwa nyanya, ili baridi isiiharibu. Watu wakacheka mpaka machozi. Mmoja akasema Msabato kabla ya kununua hiyo nyanya ataangalia kama ina magamba. Mwingine akasema Mkatoliki ataikula Ijumaa kama kawaida.

Halafu yule mzee wa Masimba anayekuja kununua mbegu akanionyesha na kidole. Akasema, si huyu ndiye anakula hiyo maneno? Ndizi ya chupa. Hiyo ni hiyo.

Nikasema hapana, hii ni ndizi tu. Akaniuliza, wewe ulisoma mpaka darasa gani?

Nne. Nikarudi kwa magunia.

Bwana Bipin akawauliza nani anakula mahindi ya kisasa hapa, kila mtu akaangalia kaunta kwa sababu wote walikuja kununua hiyo. Akakunja gazeti.

Lakini imeniingia. Samaki!


Ijumaa, 9 Julai

Nimepitia ofisi ya Madam Loice asubuhi kabla ya kazi. Ofisi ni chumba na meza na pikipiki ndani. Nikamuuliza wazi: umenipa samaki?

Akacheka, halafu akaacha kucheka aliponiona. Akaniambia ni vitu mbili. Hii ya chupa ni kipande ya mgomba wetu tu, kimeoshwa magonjwa, kikakuzwa mahali safi. Hakuna kitu imeongezwa. Ile ya kubadilisha mbegu kwa ndani ni ingine, bado haijafika kwa shamba zetu.

Nikasema, na hiyo ingine ikifika ni mbaya?

 Akasema, Mzee Ombui, mimi sitakudanganya. Inaweza kusaidia. Kama mmea unajikinga na wadudu wenyewe, hutanunua sumu, chakula kitakuwa mingi. Lakini nani ndiye mwenye mbegu, na ukila miaka ishirini inakuwa nini, hiyo hata wakubwa wake wanabishana.

Nikapenda hiyo jibu. Mtu akisema hajui, naweza kumwamini kwa ile anajua.

Wakati natoka akaniuliza kama fukusi imerudi. Alishasema tangu mwanzo: hizi zinakuja safi lakini hazijui kupigana na fukusi, nikiona nimwite.

Nikasema hakuna.


Jumanne, 13 Julai

Persis amekuja mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Mimba ya Edinah imetoka. Jumapili. Wamempeleka hospitali, ameamka, anaongea.

Nilikuwa nimeshika jembe. Nikaendelea kushika.

Halafu ile ingine. Tryphosa amesimama kwa watu, amesema ni ndizi. Alikataa kuzionja siku ile ile, na Cleophas bwana wa Edinah hakuwa nyumbani, kwa hivyo ni Edinah peke yake alikula. Chana tatu, siku tano. Eti ndizi iliyobadilishwa mbegu inabadilisha tumbo. Eti hatazaa tena.

Persis alimuuliza daktari. Daktari alisema mimba changa hutoka, mara nyingi hakuna sababu.

Tryphosa alisema sababu iko, ililetwa na Persis kwa kikapu.

Mimi nilikula ile mkungu. Ogari alikula. Hakuna kitu tulisikia. Tumbo iliniuma siku moja tu. Siku moja.


Alhamisi, 15 Julai

Edinah yuko hapa. Wamemleta na begi yake na godoro. Godoro! Mtu wa kupumzika wiki moja haletwi na godoro.

Amekaa kwa kiti ya mama yake, anaangalia mlango. Nimempikia uji. Nimeweka sukari nyingi kwa sababu sijui kitu ingine ya kufanya.

Akaniuliza, tata, baba yangu, ni ndizi?

Nikasema hapana. Haraka sana.

Akasema, basi ni mimi.


Ijumaa, 16 Julai

Leo niandike. Hii sijamwambia mtu.

Mwezi wa tano niliona fukusi kwa mgomba wa kwanza. Nikashtuka. Mkungu ilikuwa imeshatoka, ndizi ndogo kama vidole vya mtoto. Nikaona kilio ya zamani inarudi. Wiki hiyo gunia ya dawa ya fukusi ilipasuka kwa godauni ya duka, ile ya punje punje. Bwana Bipin alisema nifagie nifukie. Nilifagia. Nikafukia nusu. Nusu nilileta nyumbani kwa karatasi.

Karatasi ya gunia ilikuwa na Kizungu mingi. Kuna picha ya kichwa ya mtu aliyekufa. Nikasema hiyo ni kwa fukusi.

Wakulima wa duka nimewasikia wakisema kifuniko cha soda, mgomba moja. Mimi niliona mgomba ni mkubwa kuliko zao. Nikaweka mkono mzima. Zote sita.

Leo nimemuuliza Bwana Bipin nikiwa nafagia, kama swali ya bure. Mtu akiweka hiyo dawa wakati mkungu iko juu?

Akaacha kalamu. Nani ameweka?

Nikasema mtu mmoja wa Marani.

Akasema, mwambie huyo mtu asikate. Hiyo inapanda ndani ya mgomba mpaka juu, haikai kwa mchanga. Angoje miezi tatu, na ikizidi ni afadhali. Mtoto asikule, mama mwenye mimba asikule. Akaniangalia. Akasema, mzee, hiyo si ya kuchezea, kuku akidonoa punje moja anaanguka hapo hapo.

Kuku ya Ogari. Tatu, mwezi wa tano, zilianguka chini ya migomba yangu. Ogari alisema ni kideri, ugonjwa wa kuku, imeingia kijiji. Mimi nikasema pole. Nikamsaidia kuchimba shimo.

Kutoka mwezi wa tano katikati mpaka tarehe nne Julai. Nimehesabu na vidole. Haifiki miezi miwili.


Jumapili, 18 Julai

Sikuenda kanisa. Ndizi nilizobaki nazo nimefukia chini kabisa, na majivu juu.

Saa sita nikasikia panga kwa Ogari. Alikuwa ameng'oa machipukizi manne kwangu mwaka huu kabla ya ile dawa, akapanda kwake, yamesimama vizuri, yana afya. Anakata yote. Bibi yake anabeba majani kwa ng'ombe.

Nikamwambia, hizo si mbaya, bwana.

Akasema, wewe nyamaza, wewe umeshaua mjukuu. Halafu akaona amesema nini. Akasema, si wewe, Ombui. Hao wa chupa.

Hizo zake ni safi kabisa. Sumu iko kwangu, kwake hakuna. Zingemlisha mwaka ujao, yeye na watoto wake saba. Na nimesimama pale naangalia.

Wanasema hata huko juu, kwa njia ya Marani, watu wanakata. Mmoja alikuwa na ishirini.


Jumatano, 21 Julai

Cleophas amekuja. Hakuingia. Alisimama kwa ua, kofia mkononi. Edinah alimwona kwa dirisha akarudi kitandani.

Ni kijana mzuri. Anaongea akiangalia viatu. Akasema, baba, mama anatafuta msichana mwingine huko Nyamira. Daktari amesema Edinah ni mzima. Mama anasema daktari hajui hii kitu, ni mpya, hata vitabu vyake haziijui. Mimi niamini nani?

Nikamuuliza, wewe unamtaka?

Akasema namtaka. Lakini mama anasema tumbo likishabadilishwa limebadilishwa.

Hapo nikaona wazi kama mchana. Kama ni sumu, sumu inapita. Inatoka kwa mwili, mtu anazaa. Kama ni mbegu ya kubadilisha, kwa hesabu yao hiyo haina mwisho, na Edinah ni wa kurudishwa kwangu. Neno yangu moja tu ingemrudisha kwa nyumba yake.

Na mimi ningekuwa nani? Baba aliyempelekea mtoto wake sumu kwa kikapu, na salamu za kujisifu juu. Na mwizi wa duka.

Na nikinyamaza, ng'ombe yao ya mahari watataka. Ng'ombe gani? Ilichinjwa kwa matanga ya mama yake Edinah.

Nikamwambia Cleophas nitafikiria. Nitafikiria! Akasema asante, baba.


Jumamosi, 24 Julai

Madam Loice amekuja na pikipiki. Amekonda. Huko Marani vijana wamemrushia maganda. Ofisi ya juu imemwambia kama watu hawataki, mradi unafungwa, miche elfu mbili iliyo tayari inatupwa.

Elfu mbili. Mtu kama mimi anapewa sita anashiba.

Akazungumza na Edinah muda mrefu, peke yao. Alipotoka macho ilikuwa nyekundu. Akasema ameomba chifu aitishe baraza sokoni Marani Jumamosi ijayo. Tryphosa atakuwepo. Yeye Madam atapika ndizi ya chupa mbele ya watu wote na atakula yeye mwenyewe. Sahani mzima.

Nikasema vizuri.

Akasema, nitatumia mkungu yako, Mzee Ombui.

Nikasema yangu haijakomaa. Akaenda akaangalia. Mbili zimekomaa. Nikasema basi chukua za shamba lako, ni nzuri zaidi. Akasema hapana, wakisikia si za kwako watasema nimeficha ile mbaya. Ni lazima zile zile.

Nikainama nikaokota jani kavu. Akadhani ni huzuni. Akanishika bega.


Jumatatu, 26 Julai

Nimehesabu tena. Jumamosi ya baraza itakuwa kama miezi miwili na nusu. Bwana Bipin alisema tatu. Lakini hiyo ni kwa kifuniko cha soda. Mkono mzima ni miezi ngapi?

Nani naweza kuuliza?


Jumanne, 27 Julai

Nimeshika panga asubuhi nikate zote sita. Nikasimama hapo.

Nikikata, Ogari ataona. Atasema, unaona, hata Ombui mwenyewe amekata, alijua ni mbaya. Jioni itakuwa imefika Marani. Hiyo ndiyo ushahidi Tryphosa anatafuta. Edinah kwisha. Madam kwisha.

Nisipokata, Madam anakula.

Nikarudisha panga. Nikapalilia mahindi ambayo hayakuwa na magugu.


Alhamisi, 29 Julai

Persis amekuja, ameleta unga ya wimbi. Anasema huko Marani watu wanangoja baraza kama mechi. Kuna wanaosema Madam akila atatoa povu. Kuna wanaosema hatatoa kitu, kwa sababu hao wa chupa ni waganga na wana dawa ya kuzuia. Kwa hivyo akifa wameshinda, na asipokufa wameshinda!

Edinah akacheka. Mara ya kwanza tangu aje. Halafu akasema, mama mdogo, kama Madam anakula na mimi nitakula. Mbele ya mama Cleophas. Waone.

Nikasema hapana!

Wote wawili wakaniangalia. Nilikuwa nimepiga kelele.

Persis akasema, shemeji, kwa nini?

Nikasema bado ni mgonjwa. Asikule kitu nzito.

 Edinah aliniangalia kama mama yake alikuwa ananiangalia nikiwa nimekunywa na nasema sijakunywa.


Ijumaa, 30 Julai

Sikuenda kazi.

Nilimaliza mpango. Nitaenda Marani mapema, niite Tryphosa kando, nimwambie yeye peke yake. Halafu nikakumbuka: kwa wakwe huendi hivyo. Lazima utume mtu kwanza. Ningetuma nani? Persis? Persis aseme nini kwa mlango?

Mpango wa pili. Nimwambie Madam peke yake, naye aseme amebadilisha mawazo. Lakini baraza imeitwa. Akikataa kula mbele ya watu, hiyo ni mbaya kuliko yote.

Hakuna mpango wa tatu. Kuna kusema tu mbele ya watu.

Edinah amefua nguo yangu ya Jumapili. Amepiga pasi. Sijamwambia afue. Akasema, kesho utakuwa unasimama mbele ya chifu, tata.

Nikasema nani amesema nitasimama?

Akasema, nilifikiri tu.


Jumamosi, 31 Julai

Asubuhi. Madam amefika. Ameleta sufuria kubwa ya shule na kuni amefunga kwa pikipiki. Amevaa vizuri, viatu vya kufunika. Ameniamkia kama mtu anayeenda harusi.

Edinah amevaa pia. Sikumwita. Begi yake iko kwa mlango — sijui ni ya kwenda Marani au ni vile imekaa tu.

Madam yuko kwa migomba sasa. Anachagua. Nasikia anaongea na Ogari kwa ua, Ogari anamwambia, Madam, kama una watoto usifanye hii maneno. Anamjibu ana wawili.

Wawili. Sikujua.

Ameniambia nilete kamba ya kufunga mkungu kwa pikipiki. Nimeingia kuchukua kamba, na badala yake nimekaa kwa kitanda naandika. Kalamu inakimbia, hii maandishi hata mimi sitasoma.

Mkungu imeanguka. Nimeisikia. Nzito.

Anaita. Mzee Ombui, kamba!

Edinah amesimama kwa mlango wa chumba. Haulizi kamba. Anasema polepole, tata, kama kuna kitu, si useme ukiwa bado hapa nyumbani.

Nikitoka na kamba, tutafunga, tutaenda, na huko sokoni mdomo wangu utakuwa mzito mpaka maji ichemke. Najijua. Nikitoka bila kamba, Madam ataniuliza iko wapi, itabidi niseme yote, na Ogari yuko hapo kwa ua, mwenye zile kuku zilikufa.

Anaita tena.

Kamba naiacha kwa kitanda, natoka.